Tulipokwenda Kitale Kumtafutia Baba Saa

Wiki jana binti yangu alinipigia simu kutoka Bungoma, ambako ameanza kusomea uuguzi. Hakunisalimu sana. Vijana wa siku hizi huingia moja kwa moja kwenye shida yao.

"Mama, wamesema simu marufuku wodini. Kila mtu aje na saa ya mkono, ile ya mishale, na lazima iwe na mshale wa sekunde."

"Ya aina gani?"

"Yoyote bora isiharibike. Huku ni kunawa mikono kutoka asubuhi mpaka jioni. Na isiwe ya bei mbaya, tafadhali. Najua hali."

Nilikuwa nimetoka darasani, sauti imekauka kwa kuwapigia kelele watoto wa darasa la nne, na miguu haitaki viatu. Hata hivyo nikapitia mjini Kitale kabla ya kwenda nyumbani. Kwenye veranda ya duka moja la mbegu kuna kijana anayeuza saa zilizopangwa juu ya ubao. Nilipomwambia nataka isiyoogopa maji, alichukua moja ya mkanda wa nailoni, akaitumbukiza kwenye kikombe cha plastiki, akaikorogakoroga kama mtu anayekoroga chai, akanipa ikiwa inadondosha maji. Nikaipeleka puani kabla sijajua ninafanya nini. Nailoni iliyolowa ina harufu yake, na ikichanganyika na jasho la kiganja na baridi ya jioni ya Kitale, mimi huwa siko Kitale tena. Kijana akaniuliza, "Madam, unanusa saa?" Nikamlipa, nikaondoka.

Baba alikuwa muuguzi wa zahanati ndogo upande wa juu wa Chwele, pale barabara inapoanza kupanda kuelekea mlimani. Watu wote wa upande ule walimwita daktari, naye alikuwa ameshaacha kuwasahihisha. Alifanya kazi peke yake. Aliyeumwa na jino alikuja kwake, aliyekatwa na panga akipalilia alikuja kwake, mama mwenye uchungu wa kuzaa aliletwa kwake juu ya baiskeli. Asubuhi kabla ya kazi alikama ng'ombe wetu, na akirudi jioni alikuta watu wamekaa kwenye nyasi mbele ya nyumba wakimngoja, kwa sababu zahanati ilikuwa imefungwa lakini wao waliumwa bado. Sikumbuki kumwona akila chakula kikiwa moto. Uchovu wake ulikaa nasi nyumbani kama mtu wa ukoo. Tulimpisha, tulipunguza sauti akiwepo, na tulijua kiti chake.

Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo Baba aliniita Mayi, yaani mama, kwa lugha yetu ya Kibukusu. Kukhu mwenyewe, bibi yangu huyo niliyerithi jina lake, alikaa kwenye nyumba ndogo nyuma ya jiko letu, na mimi ndiye niliyelala naye kitanda kimoja. Alinuka moshi wa mkaratusi na mafuta ya mgando. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, na akitembea kutoka kwake mpaka kwetu alisimama njiani kuvuta pumzi huku akijifanya anawaangalia kuku.

Kila jioni Baba alikwenda kumwona. Alikaa kwenye kigoda, akaushika mkono wa Kukhu pale chini ya kiganja, akainua mkono wake mwingine na kuikodolea macho saa yake. Midomo yake ilicheza bila sauti. Hakuna aliyeruhusiwa kusema. Halafu alimwachia mkono, akatikisa kichwa kidogo, akaenda.

"Huyu anakuja kunishika mkono kama mchumba," Kukhu alisema. "Na haleti hata sukari."

Nilikuwa nimemwona Baba akifanya hivyohivyo zahanatini, kwa wazee, kwa watoto, kwa wanawake waliolala kwenye benchi. Mkono, saa, midomo. Na wengi wao walipona. Sasa, hakuna mtu aliyewahi kunieleza alichokuwa akifanya, na mimi sikuwahi kuuliza, maana niliona kila kitu wazi kabisa. Watu waliokufa, wakubwa walisema "siku zake zimeisha" au "saa yake imefika". Kwa hiyo saa ni kitu kinachoisha ndani ya mtu. Na Baba alikuwa na saa. Alikuwa akiwashika mkono na kuiomba saa yake, kwa maneno ya chini ambayo sikupaswa kuyasikia, iwape wagonjwa kiasi. Ile saa ilikuwa imefungwa kwenye mwili wake. Ilitoa wapi kile ilichokuwa ikigawa? Ilitoa kwake. Ndiyo maana alirudi nyumbani amechoka namna ile.

Sikuona ajabu yoyote. Mama pia alimnyonyesha mdogo wangu na kukonda. Niliona ni jambo moja.

Tatizo lilikuwa kwamba saa za Baba hazikudumu. Ile aliyopata alipomaliza chuo ilikuwa na mkanda wa ngozi, na ngozi haipatani na maji na dawa za kusafishia. Ikaoza, ikanuka, ikakatika akiwa zizini, na ng'ombe akaikanyaga. Iliyofuata ilikuwa ya plastiki kutoka soko la Chwele, ikapasuka kioo siku baiskeli ilipoteleza kwenye tope. Nyingine ilikuwa na mkanda wa chuma uliokuwa ukimng'oa nywele za mkono, na ukungu ukaingia ndani ya kioo mpaka mishale ikaonekana kama watu wanaotembea kwenye mvua. Kila saa ilipokufa Baba alikunja uso, na mimi nilikunja uso zaidi yake, kwa sababu yeye alidhani amepoteza saa tu.

Halafu ile ya ukungu ikasimama kabisa. Ilikuwa majira ya mvua kubwa, barabara zote nyekundu, vitunguu vikioza mashambani, na Kukhu alikuwa hawezi tena kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea gunia la mahindi nililolifunika blanketi. Baba alikuja jioni ile, miguu ya suruali imelowa mpaka magotini. Akakaa, akashika mkono, akatazama saa. Akaigonga kwa kidole. Akaileta sikioni. Akaiangalia tena.

"Basi," alisema, akauachia mkono wa Kukhu.

Alikuwa amechoka tu, najua sasa. Lakini mimi nililisikia lile neno "basi" likianguka kwenye sakafu ya udongo, nikamtazama Kukhu, ambaye alikuwa amefumba macho.

Nilimfuata Baba nje. "Baba, utanunua nyingine lini?"

"Nyingine nini?"

"Saa."

"Tutaona, Mayi."

"Kesho?"

"Tutaona."

Usiku nilikaa nikisikiliza Kukhu anavyovuta pumzi. Siku zilizofuata nilimuuliza Baba kila alipoingia na kila alipotoka. Mama alinikemea. "Wewe mtoto, kwani ni wewe unayeivaa? Si umwache baba yako anywe chai!" Lakini niliona Baba mwenyewe hana raha. Nilimsikia akimwambia Mama kwamba saa ya ukutani ya zahanati haina mshale wa sekunde, kwamba sasa anakisia tu, kama mtu anayepima chumvi kwa kiganja. Alisema hivyo akiwa ameweka kichwa mezani. Kwangu maana ilikuwa moja: saa haipo, na watu bado wanakuja, kwa hiyo sasa wanachukua kwake moja kwa moja, bila kipimo. Nilitazama shingo yake ilivyolala pale mezani, nikaona inazidi kuwa nyembamba.

Mwisho wa mwezi alipata nafasi ya kwenda Kitale kuchukua dawa zilizocheleweshwa. Jirani yetu, mfanyabiashara wa vitunguu, alikuwa akipeleka mzigo na pikapu yake. Nililia mpaka nikachukuliwa. Nilikaa katikati ya Baba na jirani, harufu ya vitunguu ikitutoa machozi sote, na Baba akalala kabla hatujafika Kimilili, kichwa chake kikigonga kioo kila tulipoingia shimo. Niliweka sweta yangu kati ya kichwa na kioo. Hakuamka.

Kitale kulikuwa na baridi, na mji ulionekana mkubwa kupita kiasi. Tulipomaliza shughuli ya dawa, Baba alisema, "Haya, Mayi. Twende tukatafute hiyo saa yako." Alisema yako, nami sikumsahihisha.

Muuzaji wa kwanza alikuwa na sanduku la kioo lililojaa saa zinazong'aa. Katikati kulikuwa na moja ya rangi ya dhahabu, nene, nzito, na kioo chake kimevimba kama jicho la ng'ombe. Moyo wangu uliikubali palepale. Kitu kizito namna ile lazima kimejaa.

"Hii, Baba."

Muuzaji akaitoa haraka. "Mtoto ana macho, bana! Hii ni orijino, mzee. Ukivaa hii hata mkubwa yeyote anakupisha."

Baba aliichukua, akaigeuza, hakutazama mbele kabisa. Akatazama mgongo wake. Akapitisha ukucha kwenye kifuniko. "Hiki kimebanwa tu. Hakina skrubu. Maji yataingia wiki ya kwanza. Na kioo kimetokeza nje, nikigusa ukuta kimekwisha."

"Lakini si ni saa ya kuvaa ukienda kanisani?"

"Mimi siendi kanisani sana," Baba alisema. "Jumapili watu wanazaa."

Tukaondoka, mimi nikigeuka nyuma. Muuzaji wa pili alikuwa na saa za namba, zile zinazowaka taa ukibonyeza. Baba alizishika kwa heshima, akasema ni imara, lakini namba zinarukaruka; yeye anataka mshale anaoweza kuufuata kwa kona ya jicho huku akimtazama mgonjwa usoni. Muuzaji akamwambia huyo mshale ni mambo ya zamani. Baba akasema, "Pengine," akamrudishia.

Wa tatu alikaa kwenye kigoda kando ya fundi viatu, saa zake zimefungwa kwenye kipande cha kadibodi. Hazikuwa na uzuri wowote. Moja ilikuwa na uso mweupe, namba nyeusi kubwa kama za kalenda, mshale wa sekunde mwekundu, na mkanda wa nailoni wa rangi ya majani makavu. Baba aliichukua akasimama nayo muda mrefu. Mgongo ulikuwa wa chuma cha pua, umekazwa kwa skrubu ndogo. Kioo kilikuwa kimeingia ndani kidogo ya ukingo, kwa hiyo ukingo ndio ungegonga kwanza. Mkanda ulipita chini ya saa kama kipande kimoja. Baba alinionyesha: "Ukikatika upande mmoja, saa haianguki. Na ukichafuka naufua na sabuni pamoja na soksi." Akamuuliza muuzaji kuhusu betri, kama zinapatikana Bungoma au ni mpaka arudi Kitale. Muuzaji akasema ni zile za kawaida, ziko kila mahali. Akaichovya kwenye debe la maji la fundi viatu, akaitoa, ule mshale mwekundu ukiendelea na safari yake.

Baba aliifunga mkononi. Akakunja mkono, akaunyoosha, akaiga mtu anayenawa mikono, akaiga mtu anayekama. Fundi viatu alicheka. Mimi sikucheka. Niliitazama ile saa nyembamba nikaona wamemdanganya.

"Ni nyepesi," nilisema.

"Ndiyo uzuri wake. Sitaihisi."

"Haina kitu ndani."

"Ina kila kitu, Mayi. Ile nyingine ingekula ada ya shule yako, na ingekufa kabla ya mahindi kukomaa."

Neno kufa lilinifunga mdomo. Tukarudi Chwele juu ya pikapu tupu, na mkanda uliolowa ukanuka karibu na uso wangu njia nzima, kwa sababu safari hii mimi ndiye niliyelala, begani kwake.

Jioni ileile alikwenda kwa Kukhu. Nilisimama mlangoni. Mkono, saa, midomo. Nilikodolea macho mshale mwekundu. Kukhu alipoachiwa mkono akasema, "Leo umenunua saa, kesho utanunua sukari," na akacheka, na kicheko hakikugeuka kikohozi. Baba alikuwa ameleta pia vidonge vipya kutoka Kitale, vya kutoa maji mwilini, lakini vidonge mimi sikuvihesabia chochote. Siku chache baadaye miguu ya Kukhu ilipungua. Alitembea mpaka jikoni bila kuwaangalia kuku. Alilala chali. Nikaanza kuiheshimu ile saa nyepesi. Nikawa naufua mkanda wake mimi mwenyewe Jumamosi, nikiusugua kwa sabuni ya kipande, nikiuanika juani juu ya jiwe, na Mama akashangaa mtoto asiyetaka kufua nguo zake amepata wapi bidii.

Mvua ziliisha, mahindi yakavunwa, na Kukhu akaanza tena kusimama njiani.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili. Mama alikuwa ameenda kanisani na mdogo wangu. Nilikuwa nimemletea Kukhu uji, akanywa kidogo, akaniambia ni mzito, nikarudi jikoni kuongeza maji. Niliporudi alikuwa ameegemea upande, na mdomo wake unatafuta hewa. Nilikimbia zizini kumwita Baba. Alikuja na mikono imejaa maziwa na povu, hakuinawa. Akakaa kitandani, si kwenye kigoda. Akamshika mkono.

Nilitazama saa. Ilikuwa inafanya kazi. Mshale mwekundu ulizunguka vizuri kabisa, haukuyumba, haukuwa na ukungu, maziwa yalikuwa yametiririka juu ya kioo na hayakuingia. Nikatazama midomo ya Baba. Ilikuwa imefungwa. Alimtazama mama yake usoni, na hakuwa akisema lolote.

"Baba, sema," nilimwambia. "Sema!"

Alinivuta kwa mkono wake mwingine akaniweka ubavuni mwake. Kukhu alivuta pumzi moja ndefu, kama mtu aliyefika juu ya kilima, na nikangoja ya pili. Baba alikaa vile amemshika mkono hata baada ya pale. Halafu alitazama saa, mara moja tu, kwa haraka, akaushusha mkono wa Kukhu juu ya blanketi.

Tulimzika karibu na migomba. Watu walikuja wengi, na hata siku ya mazishi mwanamke mmoja alimleta mtoto mwenye homa, Baba akamwangalia pembeni ya nyumba akiwa amevaa koti lake jeusi. Sikumsemesha Baba siku nyingi. Niliacha kuufua mkanda. Alipoingia mimi nilitoka. Mama aliona ni huzuni, akaniacha. Baba ndiye aliyenifuata mwishowe, jioni moja, kwenye nyumba ya Kukhu nilikokuwa nimekaa juu ya kitanda kisicho na godoro.

"Mayi, umenikasirikia."

Nilikwaruza ubao wa kitanda kwa ukucha.

"Ni kuhusu nini?"

"Ungechukua ile ya dhahabu."

Alitazama mkononi mwake. "Saa?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia jinsi nilivyojua saa inavyogawa, na anavyoiomba, na kwamba ile nzito ingekuwa na ya kutosha, lakini yeye alitazama skrubu na mkanda. Nilimwambia kwamba siku ile hakuiomba hata. Nililia nikimwambia. Nilitarajia acheke au anikemee. Baba alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akanyoosha miguu. Kisha akanipa mkono wake.

"Leta vidole. Hapana, usitumie kidole gumba, kina mapigo yake, kitakudanganya. Hivi viwili. Weka hapa. Usibonyeze sana."

Niliweka. Mwanzo hakukuwa na kitu ila ngozi ngumu na mifupa. Halafu nikakisikia, kidogo, kikigonga chini ya vidole kama kifaranga ndani ya yai.

"Ni moyo huo. Mimi nahesabu unagonga mara ngapi mshale ukizunguka. Ndiyo hayo ninayosema mdomoni. Namba tu. Saa haimpi mtu kitu, Mayi. Inanisaidia kuhesabu."

"Kumbe ulikuwa unahesabu tu?"

"Nilikuwa nahesabu tu."

"Na ukimaliza kuhesabu?"

Alifumba macho. "Wakati mwingine kuna dawa. Wakati mwingine hakuna."

"Siku ile hukuhesabu."

"Siku ile hakukuwa na haja. Nilitaka kumshika mkono."

Bado vidole vyangu vilikuwa pale. Nikamuuliza lililobaki, ambalo lilikuwa limenisumbua kuliko yote. "Kama haichukui kwako, mbona unachoka hivyo?"

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kifupi bila nguvu. "Kwa sababu ni wengi," alisema. "Na mimi ni mmoja."

Kesho yake ilikuwa siku ya soko Chwele. Siku za soko zahanati ilijaa zaidi, kwa sababu watu waliunganisha safari. Mtu alileta mbuzi kuuza na kifua chake kupimwa. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaomba kwenda na Baba, naye akakubali bila kuuliza. Nilikaa kwenye kona ya chumba chake nikikunja vipande vya pamba. Walipita mmoja baada ya mwingine, vikohozi, vidonda, mtoto aliyeingiza harage puani. Nje foleni ilizunguka nyumba. Mbele yake alikaa Mzee Wanyama, mzee mkali ambaye wilaya nzima ilimjua kwa kulalamika. Kila mlango ulipofunguliwa aliingiza kichwa na kusema, "Daktali, sisi tumekuja jana ama leo?"

Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine Baba aliniambia, "Ngoja kidogo kabla hujamwita anayefuata." Alikaa kwenye kiti, akaweka mikono juu ya meza, akalaza kichwa juu ya mikono. Nikangoja. Nilipomwangalia tena mgongo wake ulikuwa ukipanda na kushuka polepole. Alikuwa amelala usingizi mzito, mdomo wazi kidogo, juu ya meza yenye vichupa na bomba la sindano, mchana kweupe.

Nilimsogelea. Mkono wake ulikuwa umelala umegeuka juu. Niliweka vidole vyangu viwili pale, bila kubonyeza sana. Ulikuwa ukigonga. Sikujua kama ni haraka au polepole, sikujua kiasi kinachofaa ni kipi, lakini ulikuwa ukigonga. Nikauacha.

Nikafungua mlango kwa ufa, nikatoka, nikaufunga nyuma yangu. Nikasimama mbele ya mlango. Foleni nzima ilinitazama.

"Yuko wapi?" Mzee Wanyama aliuliza. "Anafanya nini huko ndani?"

"Amelala."

Minong'ono ilianza. Mwanamke mmoja alisema watoto wanaungua na homa hapa. Mwingine akasema mtu anayelipwa mshahara analala vipi saa za kazi. Mzee Wanyama alinyanyuka kwa fimbo yake, akanisogelea mpaka nikanusa tumbaku, akainama achungulie kwenye ufa wa mlango. Alichungulia kwa muda. Sijui aliona nini zaidi ya mgongo wa mtu.

Aliponyooka, uso wake haukuwa ule wa mwanzo. "Ni saa ngapi sasa?" aliniuliza.

Jua lilikuwa limetupita kichwani, limeanza kuelekea Uganda. Wafanyabiashara wa kwanza walikuwa tayari wanapanda kutoka sokoni, vikapu vyao vitupu.

"Bado mapema," nilisema.

Mzee Wanyama alitazama juu, akalikodolea jua macho. Kisha akawageukia wale wengine.

"Ni kweli," alisema. "Bado mapema." Akarudi kwenye benchi, akaketi, akaweka fimbo katikati ya magoti, na mmoja baada ya mwingine nao wakaketi kwenye nyasi wakangoja.